Kumbukumbu Kiasi Gani Yaitosha Kompyuta ya Nyumbani?

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale na kisiwani Mombasa kwa jumla, kompyuta ni chombo cha watu wote wa nyumba. Mama huandikia ankara za biashara yake, watoto hufanyia kazi za shule, na usiku wazee huzungumza kwa video na jamaa walioko Maskati au Dubai. Aghlabu chombo hicho hununuliwa kikiwa kimekwisha kutumika, na pindi kinapoanza kukokota, shauri linalotangulia ni kukitupa na kununua kingine. Kabla ya kutoa fedha ambazo pengine ni za karo, yafaa tuelewe kumbukumbu ni nini, mfumo endeshi wahitaji kiasi gani, na waweza kupokea kiasi gani.

Tufananishe na duka la leso katika Mtaa wa Biashara. Rafu zilizojaa leso ndizo diski: huhifadhi kila kitu, duka likiwa wazi au limefungwa. Meza ya muuzaji ndiyo kumbukumbu, iitwayo RAM: hapo hutandazwa leso anazozitazama mteja wakati huo tu. Duka likifungwa, meza huachwa tupu. Kadhalika kompyuta ikizimwa, RAM husahau yote. Meza ikiwa ndogo na wateja ni wengi, muuzaji hana budi kurudisha leso rafuni kila mara ili apate nafasi ya nyingine. Kule kwenda na kurudi ndiko kunakoichosha kompyuta.

Mahitaji nayo yamepanda mno. Windows 95 iliridhika na megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka megabaiti 64. Windows 10 ya mwaka 2015 ilitaka gigabaiti 1 kwa toleo la biti 32, na gigabaiti 2 kwa toleo la biti 64. Windows 11 ya mwaka 2021 yataka gigabaiti 4. Hicho ni kiwango cha chini kabisa; mashine itawaka, lakini kazi mbili tatu zikifunguliwa pamoja italemewa. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani gigabaiti 8 zatosha, na 16 zamfaa anayehariri video.

Je, ukiongeza zaidi, mfumo utakubali? Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Posta ikiamua kuwa namba za masanduku ziwe za tarakimu mbili tu, haiwezi kuwa na masanduku zaidi ya 100, hata ukumbi wake uwe mkubwa namna gani. Mfumo wa Windows wa biti 32 wa nyumbani una mpaka kama huo: anwani zake hukoma kwenye gigabaiti 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine vya mashine. Kuuwekea gigabaiti 8 ni israfu, mpaka kwanza uwekwe mfumo wa biti 64, nao wahitaji kichakataji kinachoukubali. Windows 10 ya nyumbani ya biti 64 hupokea hadi gigabaiti 128. Hapo kizuizi hubaki kuwa ni ubao mkuu wa mashine yenyewe. Tena vipande vya DDR3 haviingii mahali pa DDR4, na baadhi ya kompyuta za mkononi kumbukumbu yake imelehemiwa, haiongezeki.

Liko na jambo jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine nyingi zina kumbukumbu ya kutosha, lakini Windows 11 huzikataa kwa kukosa kichakataji kilichoidhinishwa au kinga ya TPM 2.0. Maradhi hayo hayatibiwi kwa kuongeza RAM. Zipo njia nyingine, kama Linux Mint, isiyouzwa, ambayo hutaka gigabaiti 2 na hupendekeza 4.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kwenda kwa fundi, fungua kazi zako za kila siku kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na utazame sehemu ya kumbukumbu. Ikiwa imejaa karibu yote, kuongeza kwaweza kukufaa. Ikiwa nusu yake i tupu na mashine bado yakokota, huenda dosari ni diski kongwe, na kuibadilisha kwa SSD kutasaidia zaidi.

Na kwa ndugu zetu wauzaji: mnunuzi asiyejua biti wala gigabaiti ameweka amana mikononi mwenu. Kumficha kuwa mashine haiwezi kuongezwa kumbukumbu ni ghushi kama kuficha tundu la leso. Andikeni katika risiti kiasi cha kumbukumbu kilichomo, kiasi ambacho mashine yaweza kupokea, na mfumo inaoukubali. Mistari mitatu hiyo yaweza kuokoa karo ya mtoto.