Ofisi Yenye Afya Huulinda Mto

Mto Mara watoka katika misitu ya Mau nchini Kenya, wapita Serengeti, na baada ya safari ya kilometa 395 hivi waingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Walinzi wake wanaolipwa na serikali ni wengi: watu wa maji, wa misitu, wa mazingira na askari wa wanyamapori. Kwa kawaida twauliza kama wana magari na mafuta. Leo tuulize neno jingine: Je, ndani ya ofisi zao wanaishije wao kwa wao?

Labda msomaji atasema, “Hayo ni mambo yao.” Sivyo. Maji tunywayo yapita kwanza mezani pao.

MSIBA WA MACHI 2022

Mwezi wa Machi 2022 maji ya mto, upande wa Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Serikali ikazuia kwa muda uvuvi na matumizi ya maji yale. Waziri wa mazingira wa wakati ule, Bwana Selemani Jafo, aliunda kamati ya wataalamu. Kamati ikasema kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na majani yaliyooza, vilimaliza hewa ndani ya maji. Watu wengi hawakusadiki, wakatazama upande wa machimbo ya dhahabu.

Sisi hatuamui kesi hiyo. Twaona jambo moja tu: jibu la serikali, hata likiwa la kweli, halipokelewi kama imani haikujengwa mapema. Na imani haijengwi siku ya msiba. Hujengwa siku za kawaida, ofisini.

Tufanye mfano. Kijana mpima maji aona kasoro katika chupa yake. Lakini akumbuka mwenzake aliyeleta habari mbaya mwaka jana, akahamishwa. Basi aandika, “Hali ni shwari.” Daftari ni safi, mto ni mchafu.

FUNDISHO LA BUTIAMA

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyajua hayo zamani. Waraka wake wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza kuwe na mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Lakini baraza la kupiga makofi tu si baraza. Yafaa liulize: Askari wa mbali walala wapi? Posho imechelewa kwa nini? Nani amepandishwa cheo, na kwa kazi gani?

Tutazame na Bunda, karibu na lango la Ndabaka la Serengeti. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, watumishi wa hifadhi wamo katika jeshi la uhifadhi lenye vyeo. Cheo chafaa porini, mbele ya jangili. Lakini amri isizibe masikio. Askari anayetukanwa asubuhi na mkubwa wake, jioni atamtukana mkulima ambaye tembo wamemaliza mtama wake. Mtu hutoa alicho nacho.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, mkuu awasikilize wadogo kabla hajasema yeye.

Pili, mleta habari mbaya ashukuriwe. Nchi yetu ina sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa, isiachwe kabatini.

Tatu, sheria iwe moja. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za kingo za mto na ziwa. Bustani ya maskini ikifyekwa na ya rafiki wa mkubwa ikaachwa, watumishi wote wamekwisha kufundishwa uwongo.

Nne, barua ya kijiji ijibiwe. Mimi ni karani, nalijua hili: barua isiyoandikwa katika daftari la kupokelea ni sawa na barua iliyotupwa.

Nasi wanakijiji tuna sehemu yetu. Tusimpe mkaguzi “chai” ili afumbe macho, wala tusimdharau kwa kuwa ni kijana. Ng'ombe wetu tuwanyweshe mahali palipopangwa. Tukiona maji yamebadilika, tupeleke habari siku ile ile, tena kwa maandishi.

Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Miti hupandwa na hotuba husemwa. Ni vema. Lakini siku hiyo aitwe mbele pia mpima maji aliye mdogo kuliko wote, aulizwe, “Mwaka huu umeona nini?” Akijibu bila kumtazama usoni mkubwa wake kwanza, tujue kwamba ofisi ile ni nzima.