Makala ya Utafiti Isomwe Kuanzia Wapi?

Makala ya utafiti hupangwa kwa desturi: ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, kisha utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Mpangilio huo humfaa mwandishi, kwa kuwa kila sehemu humwandaa msomaji kuikubali inayofuata. Mwenye makala ishirini mezani halazimiki kuufuata.

Mwaka 2007, S. Keshav, mtaalamu wa mitandao ya kompyuta, alipendekeza kusoma kwa mizunguko mitatu. Wa kwanza ni wa dakika tano hadi kumi: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo, hitimisho na marejeo. Wa pili, usiozidi saa moja, hukagua hoja na michoro. Wa tatu ni kuijenga kazi upya kichwani, na kwa anayeanza huweza kula saa nne au tano. Faida kubwa ya utaratibu huu ni ruhusa ya kuacha. Makala nyingi huishia mzunguko wa kwanza. Baadhi zingeweza kuishia kwenye kichwa.

Mhakiki, anayepima kazi ya wenzake kabla haijachapishwa, hana ruhusa hiyo. Yeye hutakiwa kujua namba zilikotoka. Mei 2020, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya klorokwini, uliodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa wapatao 96,000 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671. Siku chache baadaye, Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wasomaji waliokagua majedwali wakagundua kuwa vifo vya Australia vilizidi vilivyotangazwa nchini humo, na kwamba takwimu za Afrika zilikuwa za kina cha kutiliwa shaka. Kampuni iliyodai kuwa na data ghafi haikuzitoa zikaguliwe. Juni 4 makala ikaondolewa. Uhakiki wa jarida ulikuwa umeipitisha.

Kwa hiyo mhakiki na aandike kwanza dai kuu la makala kwa sentensi moja, kisha atafute jedwali linalolibeba. Ndipo aende kwenye mbinu: nani alihesabiwa, nani aliachwa, nani alilinganishwa na nani, na nani mwingine anaweza kuiona data. Mjadala uje mwisho, maana huko ndiko mwandishi hujisifu. Sentensi ile ya kwanza ikikataa kuandikika, huenda kosa si la msomaji.