Nguruwe Mwitu katika Ranchi za Texas

Kila mkulima aujua uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta muhogo wake umefukuliwa na nguruwe usiku. Watu wa Texas, jimbo kubwa la kusini mwa Marekani, nao wayajua mateso hayo, na habari zao zina mafundisho.

Nguruwe hao si wenyeji wa nchi ile. Hernando de Soto, Mhispania, alishuka Florida mwaka 1539 pamoja na nguruwe wa kulisha askari wake. Baadaye wafugaji waliwaacha nguruwe wao wajitafutie chakula porini, na wengine wakapotea huko wakawa mwitu. Tena katika miaka ya 1930 waliletwa Texas nguruwe mwitu wa Ulaya ili wawindwe kwa mchezo, wakachanganyika na wale waliotoroka. Siku hizi nguruwe mwitu wa Marekani wakadiriwa kupita 6,000,000, na hasara yao kwa mwaka yapita dola 1,000,000,000.

Mtu atauliza, Mbona hawamalizwi kwa bunduki? Sababu ya kwanza ni uzazi. Jike huchukua mimba siku 115 hivi, aweza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka na nusu, na mara nyingi huzaa watoto wanne hata sita kwa mkupuo. Sababu ya pili ni werevu. Kundi likipigwa risasi, wafa wachache, na waliobaki hutawanyika wakajifunza kutembea usiku.

Sababu ya tatu ni ardhi. Zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu aliyepewa idhini na mwenye ardhi hahitaji leseni kumwinda nguruwe mwitu katika ardhi hiyo. Lakini asiye na idhini akiingia ni mkosaji, hata kama mnyama yule ni adui wa wote.

Basi hapa ndipo penye fundo. Wako wenye ranchi wanaotoza wawindaji ada. Mwenye kupokea ada hana haraka ya kuona nguruwe wakiisha, na jirani yake apandaye mahindi ng'ambo ya ua ndiye alipaye gharama. Kadhalika wako watu waliochukua nguruwe kwa gari na kuwaachilia mahali pengine ili wapate kuwawinda. Kwa hiyo katika jimbo la Missouri, mwaka 2016, idara ya hifadhi ilikataza kuwinda nguruwe hao katika ardhi yake, ikachagua njia ya mitego.

Mtego wenyewe ni boma la waya imara. Humwagwa mahindi ndani, na mlango huachwa wazi siku kadhaa hata kundi zima lizoee kuingia. Wakisha kuwa ndani wote, mlango hufungwa kwa mara moja. Mtegaji mwenye pupa, akifunga wakati nusu wako nje, amewafundisha walio nje wasiingie tena.

Tena nguruwe mwitu wana maradhi yanayoweza kumpata mtu, mojawapo ni homa ya brusela. Mchunaji avae mipira mikononi, na nyama ipikwe mpaka iive kabisa.

Msomaji asizifanye habari hizi kuwa ruhusa ya kushika bunduki. Katika Kenya uwindaji ulikatazwa tangu mwaka 1977, na kila nchi ina sheria zake. Fundisho letu ni lingine: nguruwe hajui mpaka wa shamba. Mmoja akifukuza na jirani akafuga, kazi ya wote wawili ni bure. Bali wakipatana, hata adui mwenye kuzaa upesi hupunguzwa.