Mpaka uliochelewesha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya

Juni 23, 2016, Waingereza walipiga kura ya maoni na asilimia 52 wakachagua kujitoa Umoja wa Ulaya. Nchi ilitoka rasmi Januari 31, 2020. Nini kiliichelewesha hivyo? Kikwazo kikubwa kilikuwa mpaka wa takriban kilomita 500.

Upande mmoja ni Ireland Kaskazini, sehemu ya Uingereza. Upande wa pili ni Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Zote zilipokuwa katika soko moja, lori la maziwa lilivuka bila kusimamishwa. Uingereza ikitoka, mizigo lazima ikaguliwe mahali fulani. Lakini wapi? Kuweka vizuizi mpakani kulihofiwa kuvuruga amani ya mkataba wa 1998, uliofuata miaka 30 ya mapigano.

Waziri Mkuu Theresa May alipeleka makubaliano yake bungeni mara tatu, yakakataliwa mara zote. Akajiuzulu. Boris Johnson akahamishia ukaguzi bandarini. Basi mfanyabiashara wa London akipeleka soseji Belfast, ndani ya nchi yake mwenyewe, akawa anajaza makaratasi kama anayeuza ng'ambo.

Makaratasi hayo yalipunguzwa kwa makubaliano ya 2023. Lakini chama cha DUP, kinachotaka Ireland Kaskazini ibaki Uingereza, kilikuwa kimeshasusia serikali ya jimbo, na hakikurudi hadi Februari 2024. Wiki chache kabla ya hapo, walimu na wauguzi waligoma kudai nyongeza ya mishahara, na hakukuwa na mawaziri wa jimbo wa kuwapitishia.