Funga kwanza, ndipo uhamishe: bekapu ya duka lako la mtandaoni



Leo nawapa somo lililonigharimu. Duka langu la nguo lipo kwenye seva ya kukodi inayotumia Linux, ila laptopu yangu ni ya Windows. Kila Jumapili nilikuwa nakopi folda nzima ya duka kwa WinSCP, programu ya bure, halafu nalala fofofo. Siku seva ilipoharibika nikarudisha kila kitu. Jamani! Picha nyingine hazipo, na gauni jekundu limekaa na picha ya gauni la kijani.

Shida nini? Kwa Linux, Gauni1.jpg na gauni1.jpg ni faili mbili. Kwa Windows hilo ni jina moja, kwa hiyo ya pili inaifunika ya kwanza. Programu iliniuliza kabisa, mimi kwa haraka nikabonyeza "ndiyo kwa zote". Isitoshe, Windows haikubali jina lenye nukta mbili (:) wala alama ya kuuliza.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Kwenye seva natoa databesi kwanza. Oda na namba za wateja wangu ziko humo, siyo kwenye folda ya picha.
mysqldump -u jina -p duka > duka.sql

2. Nafunga vyote kuwa faili moja, kama unavyofunga belo:
tar -czf duka.tar.gz duka.sql /var/www/duka
Majina yote yanabaki salama humo ndani, Windows haiyagusi.

3. Naivuta faili hiyo moja kwa WinSCP. Angalizo: usiiweke ndani ya folda ya tovuti. Mtu akibahatisha jina lake, anapakua namba za wateja wako wote.

4. Kwenye laptopu nakagua. Windows 10 na 11 za sasa zina tar tayari:
tar -tzf duka.tar.gz
Inakuonyesha orodha ya vilivyomo bila kuvifungua. Ukivifungulia kwenye Windows, yale yale yatajirudia. Ukitaka kujaribu kweli, fungulia kwenye seva nyingine ya Linux.

Bekapu ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu. Ya kwako umeikagua lini? Ifanye leo, kabla mteja hajakuuliza oda yake iko wapi.