Kijiji cha mwisho wa mfereji

Nikiwaambia wenzangu wa mjini kwamba nilikaa miezi saba kijijini, kwenye pleni ya Ruzizi, wengi wananiuliza swali moja: "Kule kunafanywaka nini?" Kunalimwa mpunga. Ndiyo jibu, lakini ni fupi mno, na mimi mwenyewe nilitumia memuar nzima ya lisanse kulieleza vibaya. Jiri ilinipongeza, nikapata distinksiyo. Leo nataka kukieleza kijiji kile upya, vile kilivyo, maana kati yenu wako watakaotumwa kwenye staji mwaka huu sehemu kama ile.

Jina lake sitalitaja, kwa sababu nitazungumza madeni ya watu. Kiko teritware ya Uvira, kati ya Luberizi na Sange. Unashuka kwenye RN5, unaacha moto na kelele za barabara, unatembea kama nusu saa ukielekea mto Ruzizi. Nyumba ni za matofali ya kukaushwa juani, nyingine mabati, nyingine majani. Kuna kanisa mbili, shule ya msingi, mashini moja ya kukoboa mpunga ambayo siku nyingi haina mazuti. Watu wanaongea Kifuliru, Kirundi, Kishi, na Kiswahili kinawakusanya wote. Joto ni jingi. Mtu wa Bukavu akifika anatafuta kivuli mbele ya kutafuta kiti.

Ili ufahamu kijiji kile, anza na maji. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, kwenye urefu wa karibu mita 1460, inakimbia ndani ya makorongo, halafu kuanzia Kamanyola inatulia na kutembea polepole mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 na kidogo. Upande wa jua kuchomoza ni Burundi, upande wa jua kuzama ni milima. Mawingu yanamwaga mvua yao kule juu milimani, pleni inabaki na masalio. Kiangazi kinaanza mwezi wa sita na kinaweza kusogea mpaka wa tisa. Kwa hiyo mpunga wa pleni unaishi kwa mvua ya watu wengine: maji yanashuka na mito midogo, Luberizi, Sange, Runingu, na watu wanayakata mtoni na kuyapeleka shambani kwa mifereji. Wageni wanashangaa: mto mkubwa uko pale pale, kwa nini msiutumie? Kwa sababu Ruzizi inapita chini kuliko mashamba mengi. Bila pompe, maji hayapandi.

Basi kila mfereji una kichwa na mkia. Kijiji changu kiko kwenye mkia.

Mvua ikianza kule juu, mwezi wa tisa au wa kumi, wenye mashamba ya kichwani wanafungua maji kwanza. Kuna zamu, na kuna mlinzi wa maji anayelipwa kwa mpunga wakati wa mavuno, lakini zamu hiyo inaheshimiwa zaidi mchana kuliko usiku. Usiku mtu anaweka mfuko wa udongo mahali, maji yanageuka. Pia mfereji wenyewe unajaa mchanga na majani, kwa hiyo maji yanayofika chini ni yale yaliyoponea njiani. Wakati kichwani wamekwisha kupanda, mkiani watu bado wanaangalia udongo mkavu.

Hapa mwanafunzi wa agronomi anahitaji kusimama kidogo. Tunafundishwa kwamba miche ya mpunga ipandikizwe ikiwa bado michanga, siku 21 hivi, ili itoe machipukizi mengi. Hiyo ni kweli kabisa. Tunafundishwa pia kupanda kwa mistari. Nilifika na kamba yangu na mita yangu kuwafundisha mistari. Wakanisikiliza kwa heshima. Baadaye nikaona wanapanda ovyo, na miche yenyewe ina siku 40 na zaidi, imeanza kuwa ya njano. Katika memuar niliandika kwamba wakulima wana "upinzani dhidi ya mbinu mpya." Maneno hayo bado yako kwenye maktaba ya fakilte, na jina langu liko juu yake.

Hawakupinga chochote. Mama aliyenipokea alikuwa anajua umri wa miche yake kwa siku, kama unavyojua umri wa mtoto mchanga. Kitalu alikitengeneza kwa wakati, akihesabia ahadi ya maji. Maji hayakufika. Miche ikazeekea kitaluni. Siku yalipofika, usiku, alikuwa na saa chache tu za kupanda kabla zamu haijapita, na vibarua aliokuwa nao ni watoto wake wanne. Sasa wewe mwambie avute kamba.

Kuchelewa huko hakuishii kwenye kupanda. Shamba lililopandwa mwisho linakomaa mwisho. Kichwani wakivuna, ndege wote wa pleni wanakosa chakula na kushuka kwenye mashamba machache yaliyobaki, ndiyo yetu ya chini. Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama lazima kuwe na mtu shambani wa kupiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Mtu huyo ni mtoto. Mwalimu wa pale alinionyesha daftari la mahudhurio: wiki za ndege zinaonekana wazi, bila kuambiwa. Halafu mavuno yanaangukia kwenye mvua kubwa za mwezi wa tatu na wa nne, mpunga unakosa pa kukaushwa. Ukikatwa una unyevu wa asilimia 20 na zaidi, na ili uhifadhike vizuri unatakiwa kushuka mpaka 14. Bila baraza la sementi, unaanikwa kwenye mashuka na maturubai barabarani, mvua ikitisha watu wote wanakimbia. Muchuuzi akifika na mizani yake, anaweka mkono ndani ya gunia, anatikisa kichwa, anashusha bei.

Nimefika kwa muchuuzi. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, kubwa kuliko lile la memuar.

Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa, na akiba ya chakula imekwisha. Kuanzia hapo mpaka mavuno ndiyo miezi ya njaa. Muchuuzi anakuja wakati huo, anakopesha franga, au unga, au anamlipia mtu hospitali. Deni linalipwa kwa mpunga siku ya mavuno, na hesabu yake inajulikana na kila mtu: ukipokea bei ya gunia moja leo, unarudisha magunia mawili. Wengine wanauza kabisa shamba likiwa bado la kijani. Mpunga unakuwa wa mtu mwingine mbele haujatoa maua.

Nikafanya hesabu zangu kwenye daftari. Bei ya mpunga inakuwa chini sana wakati wa mavuno, kisha inapanda miezi mitatu minne baadaye. Gunia la kilo 100 za mpunga likikobolewa vizuri linatoa kilo 60 mpaka 65 za mchele. Nikamwonyesha mama: usimpe muchuuzi sasa, mwambie asubiri, weka magunia yako manne ndani, uza mwezi wa saba, mlipe kwa franga, wewe ubaki na faida. Aliangalia daftari kwa muda mrefu. Akasema: "Mwanangu, unajua kuhesabu. Lakini wewe haujakaa hapa mwezi wa kumi." Nikasisitiza. Mimi ndiye niliyesoma, si ndiyo? Akakubali, nadhani zaidi kwa kuniheshimu kuliko kwa kuamini.

Mpunga haukuoza. Panya walikula kidogo tu. Mwezi wa saba aliuza vizuri, akamlipa muchuuzi kwa franga kama tulivyopanga, akabaki na kitu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Mwezi wa kumi mtoto wake wa tatu akaugua, faida yote ikaishia kwenye dawa kwa siku mbili, akaenda kwa muchuuzi. Muchuuzi akamwambia kwa upole kwamba yeye anakopesha watu wanaolipa mpunga, si wanaolipa makaratasi. Mama akazunguka kwa ndugu, akauza mbuzi wake, na siku maji yalipofika hakuwa na chochote cha kuwapa vibarua. Nusu ya shamba haikupandwa. Mimi nilikuwa mjini najiandaa kutetea memuar. Habari hiyo niliipata kwa simu, na hakunilaumu hata kidogo, jambo lililonisumbua zaidi.

Simwoshi muchuuzi. Moja kwa mbili ndani ya miezi mitano ni unyang'anyi. Ila katika kijiji kile yeye ndiye benki, ndiye akiba, ndiye bima ya ugonjwa, na ndiye pekee anayekuja wakati wa njaa badala ya kuja wakati wa mavuno na semina. Mimi nilimwondoa kwenye hesabu bila kuweka kitu mahali pake.

Kuna swali mtauliza: kwa nini mama asiende kukopa kwenye kooperative ya akiba kule mjini? Kwa sababu watamwomba dhamana, na shamba si lake kwa karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya taifa. Kuhusu ardhi ambazo watu wa vijijini wanazikaa na kuzilima kwa mila, kifungu cha 389 cha sheria hiyo kilisema haki zao zitapangwa kwa ordonansi ya rais. Miaka ikapita kwa makumi bila ordonansi hiyo kuonekana. Kwa hiyo mama analima shamba alilopewa na mkwe wake, aliyepewa na chifu, kila mtu kijijini anajua ni la nani, na hakuna ofisi inayoweza kuandika hivyo kwa wepesi. Akifa mume, hata kujua huko kwa kijiji kunaanza kutikisika.

Na jambo la mwisho ambalo sikulitegemea: kijiji cha mpunga hakili mchele. Wanakula bugali ya muhogo, sombe, na ndagala wa Tanganyika siku franga zikipatikana. Mchele ni wa deni, wa shule, wa matanga na arusi. Unga wa muhogo unashibisha, na kwa mwenye kulima jua lote kushiba si jambo dogo, lakini protini yake haifiki hata kilo mbili kwa kila mia, wakati mchele una karibu saba. Mtoto anayelishwa bugali peke yake wakati wa njaa anavimba miguu, nywele zinageuka rangi. Kivu nzima tuna jina la ugonjwa huo, bwaki, na mabibi zetu walilijua mbele yetu. Niliona watoto wawili wa bwaki kwenye kijiji ambacho mpunga unaonekana mpaka macho yanapoishia. Profesa angeniuliza hilo siku ya kutetea, ningesema ni ukosefu wa elimu ya lishe. Mama mmoja niliyemwambia asiuze mchele wote, awapikie watoto, alinijibu: "Minajua. Sasa nilipe deni na nini, na bugali?"

Tangu mwaka juzi ninarudi kule kila mwezi wa nane, kwa salongo ya mfereji. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe. Watu wa mkiani ndio wanaotoka wengi, wanapanda juu kilomita kadhaa kuchimba mchanga kwenye sehemu ambazo si zao, kwa sababu wenye kichwa hawana haraka: kwao maji yanafika hata mfereji ukiwa mchafu. Kuna mradi mmoja uliwahi kujenga mlango wa chuma wa kugawia maji, mzuri sana, ufunguo ukabaki na watu wa kichwani. Mwaka jana, baada ya mikutano mingi na maneno makali ambayo sitayaandika hapa, walikubali kuwe na funguo mbili, ya pili ikae mkiani, kwa mwanamke mjane ambaye hakuna anayethubutu kumnyang'anya kitu.

Sikuleta kamba ya mistari. Nilileta daftari tu, tukaandika pamoja tarehe maji yanapofika kwenye kila shamba, ili zamu ya mwaka unaofuata ijadiliwe kwa tarehe badala ya kwa sauti. Mwaka juzi maji yalifika kwa mama mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Mwaka jana yalifika tarehe 14 Oktoba, na miche yake ilikuwa na siku 26. Kwa muchuuzi amerudi, anadaiwa gunia moja. Alisema moja anaiweza.