Kwa Nini Kucha za Akriliki Hubanduka?

Katika mitaa ya maduka ya Kasulu na Kibondo, kama ilivyo katika miji mingine mingi ya nchi yetu, saluni zimekuwa mahali pa vijana kujipatia riziki. Miongoni mwa kazi zifanywazo humo ni kutengeneza kucha za akriliki. Mwanagenzi wa kazi hii hukumbana mapema na tatizo moja: kucha alizozijenga kwa saa mbili huanza kuinuka upande wa shina kabla ya juma kwisha. Mteja hurudi kudai fedha zake, na maji huingia katika ufa ule. Wengi husingizia unga hafifu, au husema kwamba mikono ya mteja fulani "haikubali" akriliki. Sababu zenyewe, kwa kiasi kikubwa, zimo katika kemia na fizikia zifundishwazo sekondari.

Yafaa kwanza tulinganishe na hina. Rangi ya hina, iitwayo lausoni, hupenya ndani ya kucha na kushikamana na keratini, yaani protini ileile inayofanya nywele, kwato na pembe. Kwa hiyo hina haibanduki. Hutoweka kadiri kucha inavyokua, takriban milimita 3 kwa mwezi. Akriliki haipenyi hivyo. Hukaa juu ya kucha kama lipu juu ya ukuta, na kila kinachodhoofisha mshikamano wa lipu na ukuta hudhoofisha pia akriliki.

Fundi huchovya brashi katika kimiminika, kisha huigusisha kwenye unga, likapatikana donge dogo. Kimiminika, ambacho kwa kawaida ni ethili methakrileti, kina molekuli ndogo ziitwazo monoma. Unga ni polima, yaani monoma za jamii hiyo ambazo zilikwisha kuunganishwa kiwandani kuwa minyororo mirefu. Ndani ya unga mmetiwa benzoili peroksaidi kidogo, na ndani ya kimiminika kemikali ya kuiamsha. Viwili hivyo vikikutana, peroksaidi huvunjika na kutoa vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake. Kila kipande hudaka monoma, monoma hiyo hudaka nyingine, na mnyororo hurefuka hadi donge likawa gumu. Madaktari wa meno walitumia plastiki za jamii hii tangu miaka ya 1930, na kucha zilizirithi kutoka kwao.

Adui wa kwanza wa mshikamano ni mafuta. Mkoa wa Kigoma ni nchi ya michikichi, na mkono uliokamua mawese asubuhi, au uliopakwa mafuta ya kujipaka, hubaki na utando usioonekana kwa macho. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama. Chukua vipande viwili vya pembe ya ng'ombe, maana pembe ni keratini kama kucha. Visugue kwa msasa, vioshe kwa sabuni, uvikaushe. Kimoja kipake mawese, kisha ukifute kwa kitambaa kikavu mpaka kionekane safi. Dondosha tone moja la maji juu ya kila kimoja. Juu ya pembe safi tone litatandaa zaidi; juu ya ile iliyopakwa mawese litajikusanya. Macho hayakuona tofauti, lakini maji yameiona. Ndiyo maana kucha hufutwa kwa asetoni au spiriti kabla ya kazi, na baada ya hapo haiguswi tena kwa kidole.

Adui wa pili ni maji. Kucha hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Mama aliyeshinda akiosha mihogo iliyovundikwa, kisha akaja moja kwa moja saluni, ameleta kucha zilizovimba. Akriliki ikijengwa juu yake, kucha itasinyaa usiku ilhali akriliki haisinyai nayo, na mvutano huo hufungua ukingo. Tabia ya kuloweka mikono ya mteja katika maji ya uvuguvugu, ambayo haina madhara makubwa kwa rangi ya kawaida, haifai kabisa hapa.

Adui wa tatu hujificha karibu na shina: utando mwembamba wa ngozi mfu ulioganda juu ya kucha. Akriliki iliyowekwa juu ya utando huo haikuishika kucha hata kidogo. Hapana budi ukwanguliwe kwa upole. Lakini wanagenzi wengi hupitiliza. Hukwaruza kwa tupa kali mpaka kucha ikawa nyembamba, wakidhani ukwaruzo mwingi huleta mshiko mwingi. Kucha nyembamba hupinda, akriliki haipindi, na vinaachana. Yatosha kuondoa mng'aro tu. Kazi ya kushikisha ifanywe na praima: molekuli yake, kwa mfano ya asidi ya methakriliki, ina upande mmoja unaovutana na keratini na upande mwingine unaoingia katika mnyororo wa akriliki. Hupakwa kidogo mno, nayo huunguza ngozi.

Sasa kuhusu mchanganyiko. Monoma zinapoungana husogeleana, na ujazo hupungua. Methakrileti ikiganda bila unga hupoteza karibu moja ya tano ya ujazo wake. Unga haupungui, kwa kuwa minyororo yake ilikwisha kufungwa. Basi donge lenye maji mengi husinyaa zaidi na kuvuta kingo zake juu. Donge kavu mno nalo halina kimiminika cha kutosha kulowesha uso wa kucha. Donge jema hung'aa, hukaa mviringo kwenye brashi, na likiwekwa hutulia taratibu bila kutiririka. Liachwe umbali mdogo kutoka ngozi, kwani akriliki iliyoigusa ngozi huinuliwa nayo kila kidole kinapokunjwa.

Katika nyanda za juu za Buha kuna jambo la ziada. Mji wa Kigoma uko ufukoni mwa ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo zimepita mita 1,200. Kwa kadirio la kawaida tofauti hiyo hupunguza joto kwa nyuzi 3 za sentigredi hivi, na asubuhi za Juni na Julai huwa baridi zaidi. Tukishika kanuni ya jumla kwamba mwendo wa mabadiliko ya kemikali huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, nyuzi 3 hupunguza mwendo huo kwa karibu moja ya tano. Donge hukawia kuganda, na fundi asiye na subira hulipiga tupa lingali laini ndani. Dawa yake ni kungoja, na kumpa mteja chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa aishike kabla ya kazi. Jiko la mkaa lisiletwe karibu: mvuke wa kimiminika hiki na wa asetoni hushika moto.

Urefu nao una hesabu yake. Kucha iliyochomoza sentimita 2 kupita ncha ya kidole, na iliyoshika sentimita 1 tu nyuma yake, ni mtaimbo. Ikisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 10 kwenye ncha, shina huinuliwa kwa nyutoni 20. Kwa mwenye kushika jembe, kucha fupi hudumu zaidi.

Wapo wanaotafuta methili methakrileti kwa sababu hushika sana. Mwaka 1974 Marekani ilichukua hatua dhidi ya bidhaa za kucha zenye kemikali hiyo tupu, baada ya watu kuumia. Huwa ngumu kupita kiasi, hivyo ikigongwa huing'oa kucha ya asili. Hata ethili methakrileti, ikigusa ngozi mara kwa mara kabla ya kuganda, huweza kuleta mzio wa kudumu, na anayepatwa zaidi ni fundi mwenyewe. Spika Job Ndugai alipowazuia wabunge wenye kucha na kope za bandia kuingia bungeni Septemba 2018, wengi walicheka, lakini suala la afya lilikuwa la kweli.

Kucha ikishainuka, isibandikwe kwa gundi. Ndani ya ufa wenye unyevu bakteria humea na kuacha doa la kijani. Sehemu iliyoinuka ipigwe tupa mpaka iishe, au kucha nzima ilowekwe katika asetoni mpaka ilainike. Ikichokolewa kwa nguvu, tabaka la kucha ya asili hutoka nayo. Kukiwa na doa, kucha iachwe wazi na mteja apelekwe zahanati.